Bomba la moshi lililoliwa na chumvi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye magari Mombasa

Majibu haya ni ya mwenye gari anayetaka kulisafisha bomba la moshi kwa mkono wake, au anayetaka kuelewa fundi anamfanyia nini huko chini ya gari. Tunazungumzia magari ya kila siku: Probox, Fielder, Hiace ya matatu, pikapu ya kubebea mizigo ya Kongowea. Mwenye gari la maonyesho ana fundi wake.

Gari langu na la shemeji yangu aliye Nairobi yalinunuliwa pamoja. Mbona langu lina kutu chini na lake halina?

Kwa sababu lako linalala pwani. Upepo wa bahari, uwe kaskazi au kusi, hubeba vitone vidogo vya maji ya chumvi. Maji yakikauka juu ya chuma, chumvi inabaki, na chumvi ina tabia ya kuvuta unyevu hewani. Kwa hiyo hata siku ambayo haijanyesha, bomba linakaa na utando mwembamba wa maji ya chumvi usiouona. Gari linaloegeshwa Nyali upande wa ufuoni au linalopanga foleni ya feri Likoni asubuhi na jioni hupata kipimo kikubwa zaidi kuliko la Miritini.

Hiyo ni kutu ya nje. Ya ndani ina asili nyingine, na wengi hawaijui. Kila lita ya petroli inayochomwa kwenye injini huzaa takriban lita moja ya maji, ambayo hutoka kama mvuke. Safari ikiwa ndefu, tuseme hadi Voi, bomba lote hupata moto na mvuke hutoka wote. Lakini gari linalotoka Tudor hadi Mwembe Tayari na kurudi halipati moto wa kutosha huko nyuma. Mvuke unageuka maji ndani ya sailensa, yanachanganyika na mabaki ya asidi ya moshi, na kuanza kula chuma kutoka tumboni. Ndiyo maana sailensa inaweza kuwa nzuri nje na huku ndani imeshakwisha.

Ukiona kitundu kidogo chini ya sailensa ambacho kinaonekana kimetobolewa kwa makusudi, usikizibe. Hicho ni cha kutolea maji.

Na kuna la tatu. Magari mengi yetu hutoka Japani yakiwa yametumika, na sehemu za kaskazini za nchi hiyo, kama Hokkaido, humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji. Gari linaweza kushuka bandarini Kilindini likiwa na rangi inayong'aa juu na kutu ya miaka chini. Kabla ya kununua, lala chini utazame.

Nitajuaje bomba langu ni la chuma gani?

Hili ndilo swali la kwanza, hata kama wewe umekuja na jingine. Dawa inayofaa chuma kimoja huharibu kingine, na kazi nyingi mbovu tunazoziona zilianza kwa mtu kushika msasa kabla ya kushika sumaku.

Chukua sumaku yoyote, hata ile ya spika mbovu, na uiweke mahali palipokwanguliwa uchafu.

Ikiwa haishiki, au inashika kwa unyonge sana, una stenlesi (chuma kisichoshika kutu kwa urahisi) yenye nikeli, ile inayoitwa 304, yenye takriban asilimia 18 ya kromu na 8 ya nikeli. Mshukuru aliyeifunga. Hii inang'aa hadi ujione uso.

Ikiwa inashika kwa nguvu, kuna mambo matatu yanayowezekana. La kwanza ni stenlesi ya daraja la chini, kama 409, yenye kromu karibu asilimia 11 tu. Mabomba mengi ya kiwandani ni ya jamii hii. Hufunikwa na utando wa kahawia unaotisha, lakini ukikwangua kidogo, chini yake chuma ni kizima na cheupe. La pili ni chuma kilichopakwa alumini: kina rangi ya fedha iliyofifia, isiyong'aa, na kutu yake huanzia kwenye mikwaruzo na kwenye maungio yaliyochomelewa. La tatu ni chuma cha kawaida, ambacho ndicho hutumika sana kwenye mabomba ya kuundwa mitaani. Hiki kutu yake hutoka kwa magamba, tabaka juu ya tabaka.

Ncha ya nyuma inayoonekana ni jambo jingine kabisa. Mara nyingi ni kipande cha urembo kilichovikwa kromu, na hakihusiani na chuma cha bomba lenyewe.

Kwa hivyo nisafishe au nibadilishe?

Gari likiwa limepoa, gongagonga bomba lote kwa mpini wa bisibisi, hasa sailensa na maungio. Chuma kizima hutoa mlio mkali. Kilichooza hutoa mlio mzito wa kufa, na mara nyingine bisibisi inazama. Ikizama, acha habari ya kung'arisha, nenda ukatafute sailensa nyingine.

Halafu washa injini ikiwa baridi na utazame kwenye maungio kama kuna moshi au maji yanayovuja, au masizi meusi yaliyochora mstari. Uvujaji hauna mjadala. Moshi wa gari una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua, na tundu chini ya viti linaweza kuiingiza ndani ya gari. Abiria wakilalamika kuumwa na kichwa kila safari na kupata nafuu wakishuka, lichunguze bomba kabla ya kuwanunulia panadoli. Na usiiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa milango, hata kwa dakika chache za majaribio.

Rai yangu: ng'arisha kinachoonekana, kinga kisichoonekana, na usipoteze Jumamosi nzima kusugua bomba la katikati ambalo hakuna atakayeliona isipokuwa wewe na fundi.

Nahitaji vifaa gani?

Msasa wa maji namba 240, 400, 800 na 1500; namba ikiwa kubwa, msasa ni mlaini zaidi. Sabuni ya kuondoa mafuta. Brashi ya waya wa stenlesi. Dawa ya kung'arisha chuma, iwe Autosol au hata Brasso ya jikoni. Vitambaa vya pamba, fulana kuukuu inatosha. Glavu, miwani na barakoa. Kama utaingia chini ya gari, stendi za chuma mbili, kwa sababu jeki peke yake si ya kuaminiwa na uhai wa mtu.

Kazi yenyewe inaendaje, hatua kwa hatua?

Subiri bomba lipoe kabisa. Gari lililotoka barabarani sasa hivi litakuunguza, na maji baridi juu ya chuma cha moto yanaweza kupasua sehemu za ndani za katalitiki (kifaa cha kupunguza sumu kwenye moshi), ambazo aghalabu ni za kauri.

Osha kwanza. Vumbi la Changamwe, lami, mafuta na chumvi vyote vitoke kwa sabuni kabla msasa haujagusa chochote, la sivyo utakuwa unasugua mchanga juu ya chuma. Lami isiyotoka kwa sabuni hutoka kwa kitambaa chenye mafuta taa kidogo, kisha osha tena kwa sabuni hadi harufu iishe. Angalia pia raba zinazobeba bomba. Usizimwagie mafuta taa, zitalegea.

Kwa stenlesi, ya 304 au ya 409, anza na msasa ulio mlaini kadiri kazi inavyoruhusu. Kama ni utando wa kahawia tu, 800 inaweza kutosha. Kama kuna vishimo, anza 240 na upande: 400, 800, 1500. Sugua kwa maji, na kila ukibadili namba, badili pia mwelekeo. Ukisugua kwa urefu na 400, sugua kwa kuzunguka na 800. Hivyo utaona kama mikwaruzo ya namba iliyopita imeisha kabla ya kuendelea. Wengi hukimbia hatua hii, kisha wanalaumu dawa kwamba haing'ari.

Mwisho dawa. Paka kidogo, kata fulana iwe ukanda mrefu, uzungushe nyuma ya bomba, na uvute huku na huku kama mpiga rangi viatu wa Digo Road anavyomalizia kiatu. Kitambaa kitakuwa cheusi. Hiyo ni ishara kwamba kazi inaendelea. Futa kwa kitambaa safi, rudia mpaka uridhike.

Kwa chuma kilichopakwa alumini, acha msasa kabisa. Alumini hiyo ni tabaka jembamba, na ukiiondoa umeondoa kinga yote. Osha, futa, na sehemu zenye kutu tu ndizo uzikwangue na kuzipaka rangi ya joto, ile inayohimili moto wa bomba.

Kwa chuma cha kawaida, unaweza kukisugua king'ae leo. Kwa hewa yetu kitaanza kuwa kahawia haraka mno. Chuma hiki lengo lake si kung'aa, ni kupakwa rangi.

Ami yangu anasema ukwaju na majivu vinatosha, kama walivyosafisha sinia za shaba zamani. Ni kweli?

Ami yako hajakosea. Ukwaju una asidi ya tartari, ndimu ina asidi ya sitriki, siki ina asidi yake, na zote hulainisha kutu nyepesi. Kwenye utando wa kahawia wa stenlesi, ukwaju mzito uliopakwa na kuachwa kwa muda, kisha ukasuguliwa, hufanya kazi ya kuridhisha. Majivu ni ya kusugulia, lakini ni ya upande wa magadi, kwa hiyo ukiyachanganya na ukwaju kwenye bakuli moja yanapunguza ukali wa asidi. Tumia ukwaju kwanza, suuza, ndipo majivu.

Usitazamie ukwaju utoe magamba ya kutu kwenye chuma cha kawaida. Na ukimaliza, suuza hadi kusiwe na utelezi wowote. Asidi ikibaki, hata ya ndimu, inaendelea na kazi yake bila ruhusa yako.

Kuna mtu ananishauri nitumie asidi ya kusafishia choo. Inatoa kutu kwa dakika moja.

Inatoa, na ndiyo shida. Dawa nyingi kali za choo zina asidi ya haidrokloriki, na kloridi iliyomo ndani yake ndiyo adui mkubwa wa stenlesi: hutoboa vishimo vidogo ambavyo msasa hauvifikii. Chuma kitaonekana cheupe jioni hiyo, kisha vishimo vitaanza kulia kutu. Maji ya betri nayo yaache kwenye betri.

Jiki nayo usiisogeze karibu na bomba, kwa sababu ina klorini. Na ukiichanganya na asidi yoyote, ya choo au ya siki, hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Kwa chuma cha kawaida chenye kutu kubwa, tafuta dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki. Huigeuza kutu kuwa ngozi ya kijivu au nyeusi inayoshika rangi vizuri. Soma kopo: zile zinazoacha utando wa plastiki hazifai kwenye bomba la moshi, zitaungua.

Nina kisima nyumbani. Maji yake yanafaa kusuuzia?

Onja. Kama yana chumvi, na visima vingi vya kisiwani na pwani yetu vina chumvi, basi unarudisha kile ulichotumia asubuhi nzima kukitoa. Osha kwa maji ya kisima ukitaka, lakini suuza la mwisho liwe la maji matamu: ya mfereji, ya mvua, au mtungi mmoja wa lita 20 wa mwenye mkokoteni. Mtungi mmoja unatosha bomba zima na chenji inabaki.

Hata kwenye sehemu za kuoshea magari, uliza maji yanatoka wapi. Mwenyewe hatakuambia usipomuuliza.

Ukishasuuza, kausha kwa kitambaa, kisha washa injini dakika kadhaa nje, bomba lipate joto na unyevu uliojificha kwenye maungio utoke.

Naweza kutumia waya wa kusugulia masufuria?

Kwenye stenlesi, hapana. Waya huo mwingi ni wa chuma cha kawaida. Unaacha chembe ndogo ndani ya mikwaruzo, na chembe hizo ndizo hushika kutu. Utafikiri stenlesi yako imeoza kumbe ni mabaki ya waya. Brashi iliyokwisha kusugua chuma chenye kutu nayo usiihamishie kwenye stenlesi.

Bomba langu la stenlesi lina rangi ya dhahabu, zambarau na buluu karibu na injini. Hiyo ni kutu?

Si kutu. Ni alama ya joto. Stenlesi ikipata moto hujenga utando mwembamba mno wa oksidi, na unene wake ndio unaoamua rangi utakayoiona: manjano ya majani makavu karibu nyuzi 300 za Selsiasi, zambarau na kisha buluu kadiri unavyokaribia 550. Autosol na mkono huondoa rangi ya manjano. Buluu inataka msasa. Itarudi ukiendesha, kwa hiyo wengine huiacha kama pambo. Mimi naiacha.

Ncha ya kromu imefifia. Nifanye nini?

Usiipige msasa. Kromu ya urembo ni nyembamba kuliko unavyodhani. Chukua karatasi ya foili ya kufungia chakula, ikunje, ichovye kwenye maji, na usugue taratibu. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo huondoa vidoti vya kutu bila kukwaruza. Futa, malizia kwa Brasso.

Lakini kama kromu imefanya malengelenge au inabanduka, hakuna dawa ya chupa itakayoirudisha. Ncha ni kipande kidogo. Nunua nyingine, na safari hii jaribu kwa sumaku kabla ya kulipa.

Nikipaka rangi ya fedha ya kawaida si itapendeza?

Mpaka ufike Mtwapa. Rangi ya kawaida huungua, hunuka na kubanduka. Tafuta rangi ya joto ya kopo iliyoandikwa inahimili nyuzi 600 au zaidi. Kwangua kutu, futa mafuta yote kwa thina, na upulize tabaka jembamba mara mbili tatu badala ya moja nene linalotiririka.

Rangi hii haikomai kwa jua. Hukomaa kwa joto la bomba lenyewe: washa injini dakika kama kumi, izime ipoe kabisa, kisha washa tena kwa muda mrefu zaidi, ukifuata maelezo ya kopo. Itafuka moshi na kunuka mara ya kwanza. Usipige simu zimamoto. Usipake wakati wa masika, hewa ikiwa imelowa. Unyevu unaofungiwa chini ya rangi utakuja kuisukuma juu.

Fundi amepuliza oili chafu chini ya gari kuzuia kutu. Ni sawa?

Kwenye chasisi wapo wanaoitetea, ingawa hiyo oili huishia kudondoka barabarani na kwenye mitaro inayokwenda baharini. Kwenye bomba la moshi ni hatari: inafuka, inanuka hadi ndani ya gari, na ikikutana na chuma cha moto wa kutosha inaweza kushika moto. Mwambie akwepe bomba na katalitiki.

Nimeng'arisha ncha vizuri, baada ya siku chache imekuwa nyeusi tena.

Hapo mgonjwa ni injini, si bomba. Masizi makavu, meusi kama ya kibatari, maana yake petroli inaingia nyingi kuliko hewa: angalia kichujio cha hewa, plagi, sensa ya oksijeni. Masizi yenye mafuta yanayonata kidoleni maana yake injini inakula oili. Dizeli kuukuu hutoa masizi kwa asili yake, na hapo uvumilivu unahitajika. Lakini matatu inayotoa wingu jeusi kupanda daraja la Nyali haihitaji Brasso, inahitaji fundi wa nozeli.

Fundi anataka kuikata katalitiki "gari lipumue". Nimruhusu?

Usimruhusu. Ndani ya katalitiki kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya thamani kubwa, na mara nyingine anayekuonea huruma ya kupumua ameshajua atakiuza wapi. Kazi ya kifaa hicho ni kupunguza sumu kwenye moshi. Ukienda kung'arishiwa bomba na ukarudishiwa gari lenye mlio mkubwa kuliko lilivyoingia, inama utazame kabla hujalipa.

Boliti za bomba zimeshikana. Nizikate?

Jaribu kwanza mafuta ya kupenya, uziache usiku kucha, na kesho ugonge kidogo kwa nyundo kabla ya spana. Zikikatika, weka boliti za stenlesi au nati za shaba. Na kama kutahitajika kuchomelea chochote, fundi atoe kwanza waya wa hasi wa betri. Kompyuta ya gari ni ghali kuliko sailensa.

Nina pikipiki. Maelezo ni hayohayo?

Karibu yote. Tofauti ni kwamba bomba la pikipiki lote linaonekana, mara nyingi lote ni kromu, na liko sentimita chache kutoka mguu wa abiria. Foili, maji matamu, na lipoe kwanza.

Nikishalisafisha, nilitunze vipi?

Gari linalolala karibu na bahari lisuuzwe chini kwa maji matamu kila wiki, hata kama juu halina vumbi. Siku uliyoendesha kwenye mchanga wa ufuo, lisuuzwe siku hiyohiyo. Mara mojamoja lipe safari ya kweli, nusu saa au zaidi bila kuzima, ili sailensa ipate moto na itoe maji yake. Turubai la plastiki lililofunika gari hadi chini hufungia unyevu ndani. Kama huna banda, afadhali liwe wazi upande wa magurudumu upepo upite. Ncha ya stenlesi inataka kitambaa na dawa kidogo kila mwezi. Ikipita miezi sita bila kuguswa, rudi kwenye msasa namba 800.